Tyneham kupitia kaunta ya duka: siku nne Dorset

Tyneham iko Dorset, kusini mwa Uingereza, katika bonde jembamba linaloteremka hadi baharini. Eneo lake huitwa Isle of Purbeck, na licha ya jina hilo si kisiwa bali ni rasi. Tangu Desemba 1943 hakuna anayeishi pale. Wageni wengi hukimbilia kanisani, wakasoma habari ya karatasi iliyobandikwa mlangoni siku ya kuhama, wakapiga picha, wakarudi kwenye gari. Safari hii inashika njia nyingine, ya duka. Duka la Tyneham lilikuwa pia posta, na kijiji kidogo cha Kiingereza cha enzi ile kilijulikana hali yake kwenye kaunta kuliko mahali pengine popote: nani ana pesa, nani anakopa, nani kapata barua, nani hajaonekana tangu Jumatatu.

Ratiba ipangwe kwa kuanzia siku ya tatu, kisha kurudi nyuma. Kijiji kimo ndani ya Lulworth Ranges, viwanja vya shabaha vya jeshi, na hufunguliwa kwa umma wikiendi nyingi, sikukuu za kitaifa na sehemu kubwa ya Agosti. Wikiendi chache kwa mwaka hufungwa kabisa. Wizara ya Ulinzi hutangaza tarehe mapema, hivyo zitazamwe kabla ya kulipia nauli. Siku ya tatu iangukie Jumamosi, na safari ianze Alhamisi. Ramani ya kubeba ni OL15 ya Ordnance Survey, ya karatasi, kwa sababu bondeni mtandao wa simu si wa kutegemewa.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Dorchester, kisha Corfe Castle

Treni ya kwenda Weymouth huondoka London Waterloo na kupita Wareham kabla ya kufika Dorchester South. Usishuke Wareham bado. Endelea hadi Dorchester, kwa sababu hapo ndipo ilipo Dorset History Centre, hifadhi ya nyaraka za kaunti, na saa tatu za kusoma humo zitakuonyesha magofu kwa jicho lingine. Chumba cha kusomea hakifunguliwi kila siku, na nyaraka nyingine ni lazima ziagizwe kabla. Wino hauruhusiwi, beba penseli.

Anza na Kelly's Directory, vitabu vya orodha za vijiji na biashara vilivyotolewa kwa kila kaunti baada ya miaka michache. Kila kijiji kina aya yake yenye mpangilio uleule: mahali kilipo, kanisa, mwenye ardhi, aina ya udongo, ukubwa kwa ekari, idadi ya watu. Chini yake kuna mstari wa posta, na huo ndio wa kusoma taratibu. Unataja barua zinatoka mji gani, zinafika saa ngapi, zinaondoka saa ngapi, na ofisi ya karibu ya kutuma pesa au simu ya maandishi iko wapi. Ukilinganisha matoleo ya miaka tofauti, unaona kijiji kinakua au kinanyauka bila mtu kukwambia.

Kasoro ya Kelly's ni mbili. Habari zake mara nyingi zilikuwa zimechelewa mwaka mmoja au miwili zilipochapwa. Na iliandika hasa watu wenye hadhi na wenye biashara zilizotambulika, kwa hiyo duka lililoendeshwa na mke katika chumba cha mbele, huku mume akiwa mvuvi au kibarua wa shamba, huweza kukosekana kabisa. Kijiji kinachosemekana "hakikuwa na duka" huenda kilikuwa nalo, halikuandikwa tu.

Pengo hilo huzibwa na sensa, nayo ina mashimo yake. Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto Desemba 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kwa hiyo kwa England yote, kati ya 1921 na 1951, kilichobaki ni Rejista ya 1939, iliyoandikwa tarehe 29 Septemba 1939, majuma machache baada ya vita kutangazwa. Lengo lake lilikuwa vitambulisho, na baadaye ikatumika kutoa vitabu vya mgao wa chakula. Kwa anayefuatilia duka la kijiji hakuna waraka wenye thamani kuliko huu: orodha ya walioandikwa ndiyo iliyozaa orodha ya wateja wa muuza duka.

Ramani za Ordnance Survey za inchi 25 kwa maili ndizo za mwisho kuomba. Tafuta herufi P.O., alama ya posta, na L.B., sanduku la barua ukutani. Nakili umbali kutoka nyumba za ufukweni hadi posta. Keshokutwa utautembea.

Jioni panda treni ya kurudi Wareham, kisha basi hadi Corfe Castle. Ni kijiji cha mawe matupu: kuta za mawe ya chokaa ya Purbeck, na mapaa ya vigae vya mawe hayohayo, vizito kiasi kwamba mapaa mengi yamepinda mgongo. Ngome iliyo juu ya kilima ilibomolewa kwa baruti mwaka 1646, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoelekea kwisha, na wanakijiji wakachukua mawe yake kujengea. Tembea barabara ya kati kabla giza halijaingia, ukitazama madirisha. Dirisha pana kuliko ya jirani, lililo chini na karibu na mlango, katika nyumba ya kawaida ya mawe, mara nyingi ni mabaki ya duka la zamani.

Siku ya pili, Ijumaa: mgongo wa kilima hadi Kimmeridge

Viatu vya kufunga kifundo, maji lita mbili, koti la mvua. Njia inapanda upande wa magharibi wa Corfe na kufuata mgongo wa kilima cha chaki. Chaki iliyolowa huteleza vibaya, hasa penye kwato za ng'ombe, na waliovaa raba za mjini huanguka wanaposhuka, si wanapopanda. Milango ya mashamba uifunge kama ulivyoikuta.

Juu ya kilima kuna Grange Arch, tao la mawe la karne ya 18 lililojengwa na ukoo wa Bond ili lipendeze macho ya aliye nyumbani Creech Grange, bondeni upande wa kaskazini. Jina hilo Bond litarudi tena. Tawi lao moja lilinunua Tyneham mwaka 1683, na tangu hapo hadi jeshi lilipofika wakazi wengi wa bonde walikuwa wapangaji wao. Ndiyo sababu fidia ya 1943 ilikuwa ndogo mno: asiyemiliki nyumba wala shamba alilipwa thamani ya mboga zilizokuwa bustanini, na gharama ya kuhamisha vyombo. Huo si uvumi wa uchungu. Ndivyo sheria ya upangaji ilivyofanya kazi.

Ukisonga magharibi kidogo, bonde la Tyneham linajifungua chini yako: mnara mdogo wa kengele wa kanisa, miti mingi, bahari mwishoni. Barabara ya kushukia ina lango la jeshi, na siku ya Ijumaa huenda bendera nyekundu ikawa juu. Bendera ikiwa juu, mizinga ya vifaru inapigwa, na hakuna mjadala.

Geuka kusini, ushuke Kimmeridge kupitia mashamba. Kijiji hiki kingali hai, kina nyumba zenye maezeko ya nyasi na jumba la makumbusho la visukuku, Etches Collection, lililofunguliwa 2016. Ufukweni mwamba wake ni mweusi na una mafuta. Watu maskini wa pwani hii waliuchimba na kuuchoma badala ya makaa, wakavumilia harufu yake ya kiberiti, kwa kuwa makaa ya dukani yalihitaji pesa taslimu. Juu kidogo ya ghuba, pampu ya mafuta inainama na kuinuka. Kisima chake kilichimbwa 1959.

Lala Kimmeridge au rudi Corfe kwa teksi iliyoagizwa mapema. Nunua chakula cha kesho leo. Tyneham hakuna duka, na sentensi hiyo ina uzito wake.

Siku ya tatu, Jumamosi: Tyneham

Hakikisha asubuhi kwamba njia zimefunguliwa. Kutoka ghuba ya Kimmeridge njia ya pwani inapita kando ya pampu ya mafuta hadi lango la jeshi, kisha inapanda polepole kuelekea Tyneham Cap, mita 167 juu ya bahari. Nguzo zenye rangi ya manjano zinaonyesha mipaka. Usitoke nje yake hata kwa picha moja, wala usiguse chuma chochote kilicho ardhini: eneo hili limepigwa makombora kwa vizazi, na mengine hayakulipuka. Upande wa bahari ni jabali la Gad, ambalo ukingo wake humeguka. Kisha mteremko mkali hadi ghuba ya Worbarrow, na kutoka hapo njia pana inaingia bondeni chini ya miti hadi kijijini, kama kilomita moja na nusu.

Hiyo ndiyo njia ya kwenda dukani. Worbarrow palikuwa na wavuvi wa makereli na kamba, na kituo cha walinzi wa pwani kilichofungwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu wa ufukweni aliyetaka stempu, chumvi au mafuta ya taa alitembea umbali huu, na kurudi na mzigo. Walinzi wale walipoondoka na familia zao, kaunta ilipoteza wateja wenye mshahara wa serikali, wasiotegemea bahari kuchafuka au kutulia. Shule ya kijiji ilifungwa 1932 kwa uchache wa watoto. Ni vizuri kulijua hili kabla ya kufika, kwa sababu simulizi iliyozoeleka inasema kijiji kizima kilikuwa kimeshamiri, jeshi likakikata ghafla. Jeshi ndilo lililokiua, hilo halina shaka. Lakini kilikuwa kimeanza kupungua damu kabla yake.

Fika kwenye The Row, safu ya nyumba za mawe zisizo na paa, mkabala na bwawa. Moja ni posta. Mbele yake kimesimama kibanda cha simu cha aina ya K1, cha kwanza katika familia ya vibanda vya posta ya Uingereza: pande tatu za zege, mlango wa mbao. Cha asili kiliwekwa 1929 na kilivunjika 1985 wakati wa kupiga filamu. Hiki ni mwenzake wa aina ileile.

Jinsi ya kupiga simu katika vibanda vya wakati ule: unaweka peni mbili kwa simu ya karibu, sarafu zinatulia kwenye chombo cha juu. Unamwambia opereta namba. Mtu wa upande wa pili akiitika, unabonyeza kitufe A, peni zinaanguka kwenye sanduku, na hapo ndipo yeye anaanza kukusikia. Asipoitika, unabonyeza B na pesa zinarudi. Waliosahau kubonyeza A walibaki wakipiga kelele peke yao, wakimsikia mwenzao akisema "Nani? Nani?" hadi akate. Na watoto wa vijijini England nzima walijua kupita kibandani na kubonyeza B, pengine aliyetangulia kasahau zake.

Ingia ndani ya ukuta wa posta. Chumba ni kidogo. Jaza sasa kaunta.

Sukari ilifika kwenye maduka kama haya kwa magunia, chai kwa makasha ya mbao yaliyofunikwa ndani kwa karatasi ya risasi au bati jembamba, siagi kwa sanduku la ratili 56, jibini kama gurudumu lililovishwa kitambaa. Hakuna kilichokuja kimefungwa kwa kipimo cha mteja. Muuza duka alipima, akakunja mfuko wa karatasi ya buluu kwa sukari, akakata jibini kwa waya. Siki ilikaa kwenye pipa lenye bomba la mti, kwani asidi yake hula chuma. Mafuta ya taa yaliwekwa nyuma, nje kabisa ikiwezekana. Nyumba hizi hazikuwa na umeme, kwa hiyo mafuta yaliuzwa kila siku ya majira ya baridi, na muuza duka aliyepima mafuta kisha akashika siagi bila kunawa alipoteza sanduku zima. Chai, unga na siagi hunyonya harufu ya mafuta ya taa, na haitoki.

Katika kopo moja dogo kwenye rafu za namna hii palikuwa na karafuu. Mwingereza wa kijijini aliichomeka kwenye paja la nguruwe la Krismasi na kuitia kwenye pai ya matofaa, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya karafuu iliyouzwa duniani ilichumwa Unguja na Pemba. Mchumaji wa Wete na mpishi wa Dorset hawakuwahi kusikiana.

Upande wa posta wa kaunta ulikuwa na kazi tofauti, na sheria ilitaka pesa zake zisichanganywe na za duka. Stempu. Hati za kutuma pesa. Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanzishwa 1861, ambako shilingi moja ilitosha kuweka. Na kuanzia tarehe 1 Januari 1909, pensheni ya wazee: shilingi 5 kwa wiki kwa aliyetimiza miaka 70 na asiye na kipato kikubwa. Kwa duka la kijiji hii ya mwisho ilibadili kila kitu. Kibarua mzee aliyekuwa akiishi kwa huruma ya mwanawe sasa alikuja kila wiki, akapokea sarafu upande mmoja wa kaunta, akahamia upande wa pili na kununua tumbaku na chai. Pesa ya serikali ililala kijijini. Ndiyo maana baadaye, posta ilipoondolewa vijijini, duka lilifuata baada ya muda mfupi.

Kisha mgao. Ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa bekoni, siagi na sukari. Chai ikafuata Julai mwaka huohuo. Utaratibu ulikuwa huu: kila mtu ana kitabu, cha rangi ya kahawia hafifu kwa mtu mzima, kijani kwa mtoto mdogo au mama mjamzito. Unajiandikisha kwa muuza duka mmoja na huwezi kununua kwingine. Yeye anakata au kupiga muhuri kuponi, anapeleka hesabu kwenye ofisi ya chakula, na anapewa kibali cha kununua kutoka kwa mfanyabiashara wa jumla kulingana na idadi ya walioandikishwa kwake. Vipimo vilipanda na kushuka, lakini wiki ya kawaida ilikuwa wakia 2 za siagi, wakia 2 za chai, wakia 8 za sukari, wakia 4 za bekoni. Wakia moja ni gramu 28, na ratili moja ni wakia 16.

Hapo ndipo mizani ilipogeuka chanzo cha ugomvi. Sanduku la siagi la ratili 56 lina wakia 896, yaani mgao wa watu 448. Ukizidisha robo wakia kwa kila mtu, tone tu la kisu, mwisho wa sanduku umepoteza karibu wakia 100, zaidi ya ratili 6, na watu 50 wamesimama na kuponi halali mkononi wakati huna cha kuwapa. Kibali hakiongezwi. Jibini nalo hukauka na kupungua uzito kwenye rafu, na makombo ya kukata hayana kuponi. Kwa hiyo muuza duka mwangalifu alipima kwa ukali, na mteja aliona ubahili. Ukisikia wazee wa Kiingereza wakimsema muuza duka wa utotoni mwao kwamba alikuwa na mkono mzito, fanya hesabu hiyo kwanza kabla ya kuwaamini.

Katikati ya Novemba 1943 barua zikafika. Jeshi lilihitaji bonde na vilima vyake, ekari 7,500, kwa mazoezi ya vifaru kabla ya kuivamia Ulaya, na watu walitakiwa wawe wameondoka ifikapo tarehe 19 Desemba. Walikuwa 225. Kwa duka, kuhama kulimaanisha mambo ambayo vitabu vya historia havina muda nayo: wateja wote wajiandikishe upya kwa muuza duka mwingine, kila mmoja na kitabu chake, madeni ya daftari yadaiwe ndani ya mwezi mmoja, kwa watu wasiojua watakakolala, hesabu za posta zifungwe, stempu na mihuri irudishwe.

Sasa nenda kanisani. Karatasi ya mlangoni iliomba kanisa na nyumba vitunzwe, ikaeleza kwamba wakazi wameacha makazi ya vizazi ili kusaidia kushinda vita na kuwaweka watu huru, na kwamba watarudi siku moja. Hawakurudi. Mwaka 1948 serikali ilitwaa ardhi kwa lazima na jeshi likabaki. Ilichukua hadi miaka ya 1970, baada ya kampeni ndefu ya kudai bonde, ndipo njia za miguu na kijiji vikafunguliwa kwa siku maalumu. Desemba hiyohiyo ya 1943 wakazi wa Imber, Wiltshire, walihamishwa nao hawakurudishwa. Watu wapatao 3,000 wa South Hams, Devon, walihamishwa pia, hao wakaruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Tofauti yake kubwa ni kwamba Devon ufukwe ulihitajika kwa mazoezi ya kushuka pwani tu, na mazoezi yakaisha. Lulworth shule ya shabaha ya vifaru ilikuwepo tangu Vita ya Kwanza, na ingali ipo.

Shule imerejeshwa kama darasa: madawati, kazi za watoto kuhusu mimea na ndege, na vigingi vya kutundikia makoti vyenye majina. Shule na kanisa hufungwa mapema kuliko lango la kijiji, kwa hiyo visiahirishwe hadi jioni. Jumba la ukoo wa Bond limefichwa na miti, halifikiki. Sehemu yake ilibomolewa miaka ya 1960.

Kurudi: panda barabara hadi juu ya kilima na ufuate mgongo hadi Corfe, au agiza teksi mapema kwa saa kamili. Ukingoja upige simu ukiwa bondeni, utatembea.

Siku ya nne, Jumapili: maduka yaliyobaki

Wengi wa waliohamishwa walienda Wareham na vijiji vya karibu, na baadhi yao kwa mara ya kwanza wakapata bomba ndani ya nyumba. Jambo hilo wakosoaji wa kilio cha Tyneham hulitaja, na ni la kweli. Ila bomba lingeweza kufikishwa Tyneham.

Mgao haukuisha na vita. Mkate, ambao haukuwahi kugawiwa vita ikiendelea, uligawiwa kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Nyama ilikuwa ya mwisho kuachiwa, Julai 1954. Mafuta ya kupikia yalikuwa haba sana, na uhaba huo wa kaunta za Kiingereza ndio uliopeleka matrekta Kongwa. Mpango wa karanga wa Tanganyika ulianza 1947 ili kumpatia Mwingereza majarini. Ulinuia zaidi ya ekari milioni 3, ukakuta udongo unaokuwa mgumu kama saruji kiangazi, mibuyu isiyong'oleka kirahisi na mvua isiyotabirika. Ulifungwa 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Msomaji wa Nachingwea au Mtwara anayeishi kando ya barabara na bandari za mpango ule ana uhusiano wa moja kwa moja na rafu tupu za maduka kama haya.

Baada ya mgao, pigo lilitoka upande mwingine. Sheria ya 1964 iliondoa haki ya kiwanda kupanga bei ya rejareja kwa bidhaa nyingi, na supamaketi zikaanza kuuza chini ya bei ambayo duka la kijiji lenyewe lilinunulia jumla. Magari yakaongezeka, majokofu yakaingia majumbani, na mwenye jokofu hahitaji kununua siagi mara tatu kwa wiki. Kati ya 2007 na 2009 posta zipatazo 2,500 zilifungwa nchini kote.

Ukirudi Wareham kwa basi, tumia saa moja kwenye duka lolote la kijiji lililo wazi Jumapili asubuhi, na uangalie linavyoishi. Mengi yaliyookoka Uingereza leo ni mali ya wanakijiji wenyewe, na kwa aliyekulia karibu na duka la ushirika muundo hautakuwa mgeni. Huanza na dodoso nyumba kwa nyumba, kisha jumuiya husajiliwa, kisha hisa huuzwa, mara nyingi kuanzia pauni 10 au zaidi kidogo. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au mia. Meneja hulipwa, zamu nyingine hushikwa na wanaojitolea. Duka pekee la vyakula katika kijiji chenye watu chini ya 3,000, likiwa na thamani ya kodi isiyozidi pauni 8,500, husamehewa kodi ya majengo ya biashara.

Yanapokufa, hufa kwa sababu zinazojirudia. Watu hujibu kwenye dodoso kwamba watanunua kila kitu hapo, kisha wananunua maziwa na gazeti tu, vitu vyenye faida ndogo kuliko vyote. Mkate na mboga huoza kwa sababu mwagizaji anaogopa rafu tupu. Umeme wa majokofu huenda usiku na mchana, mteja aje asije. Na wanaojitolea huzeeka pamoja: waliokuwa na miaka 62 siku ya kufungua wanatimiza 75 karibu mwaka mmoja, na zamu za asubuhi zinakosa watu. Maduka yaliyolijua hili mapema hutafuta vijana wa shule kwa zamu za Jumamosi na kuwapa barua ya ushahidi wa kazi, na mengi huomba posta ya kutembelea, inayofungua meza ya muda kwa saa chache kila wiki. Siku hiyo ya posta mauzo ya chai, mkate na tumbaku hupanda, kama ilivyokuwa siku za pensheni ya zamani.

Basi za Jumapili ni chache, hasa nje ya majira ya joto. Soma ratiba ya kurudi Wareham kabla ya kuingia dukani, kisha uache nusu saa kati ya basi na treni ya London.